Kamasi likitoka, ndiyo mafua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Nzuguni, Dodoma. Kila Agosti, upepo ukianza kutimua vumbi, mimi ni chafya na kamasi kutwa nzima. Juzi nilimwambia muuza dawa, "Naumwa na mafua, mafua yananitoka." Akajibu, "Wewe huna mafua, una aleji." Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Pole na vumbi.

Hiyo "na" iondoe. Mtu huumwa na nyoka, maana nyoka ndiye aliyeuma. Ugonjwa hukaa papo hapo baada ya kitenzi: naumwa mafua, naumwa kichwa. Ukipenda, sema mafua yamenishika, wala si "imenishika" kama ninavyosikia hata redioni.

Pili, mafua hayatoki puani. Kinachotoka ni kamasi. Mafua ni ugonjwa. Mama pale soko la Majengo anayemziba mtoto pua kwa pindo la khanga humwambia "Penga!", na kinachopengwa ni kamasi. Na kamasi lina sababu nyingi. Mtoto akitokwa kamasi linalonuka tundu moja tu, mtazame vizuri, huenda kajichomeka punje ya mahindi.

Sasa aleji. Kiswahili kina mzio, neno la siku nyingi. Wazee walipolitumia, mzio ulikuwa kile kitu chenyewe unachokatazwa kwa kuwa kinakudhuru: "Pweza ni mzio wangu." Madaktari wamelihamisha kutoka kwenye kitu hadi kwenye mwili, ndiyo maana leo tunasema "nina mzio wa pweza". Mimi nayakubali yote mawili, ingawa la wazee lanipendeza zaidi.

Muuza dawa wako yuko sahihi. Kamasi jepesi kama maji, macho kuwasha, homa hakuna, na hurudi kila kiangazi: huo ni mzio. Mafua huletwa na virusi, vipo vya aina zaidi ya 200, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana natofautisha kutibu na kuponya. Mafua hutibiwa kwa kupumzika, kunywa vya moto na kutuliza maumivu. Dawa ya kuyaponya hakuna. Vile vidonge vya rangi mbili, yaani antibiotiki, haviui virusi, hata kamasi likigeuka kijani. Homa ya mafua ni jambo jingine: hiyo hukulaza kitandani, mwili wote ukiuma.

Kwa hiyo dukani sema, "Nina mzio wa vumbi, natokwa kamasi." Atakupa dawa ya mzio, pengine setirizini, na kukushauri usafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akikuuliza kama unaendesha bodaboda, usishangae: baadhi ya dawa hizo huleta usingizi.