Kamba na mkasi kabla ya sanduku la kukatia watu

Mwalimu mmoja ameandika kuuliza anunue vifaa gani ili aanzishe klabu ya mazingaombwe shuleni kwake. Kamba na mkasi, kwa mchezo wa kukata kamba kisha kuionyesha ni nzima. Sanduku la kukatia watu, lile ambalo mtu hulala ndani akaonekana kama amekatwa vipande, lisubiri. Wengi hulikimbilia hilo na hata kusimama jukwaani hawajui.

Anayeuliza faida ya klabu kama hiyo aitazame College of Magic, shule ya mazingaombwe ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, ikafundisha watoto wa rangi zote pamoja. Daktari na mchekeshaji Riaad Moosa alipita hapo. Mtoto akijifunza mazingaombwe hana budi kuongea kwa sauti na kumtazama mtu usoni, maana akitazama mikono yake, watu nao wataitazama.

Nunua mita 10 za kamba laini ya pamba, unene wa kidole kidogo. Utapata vipande 6 vya mita 1.5, na masalio kidogo. Kama ina nyuzi za ndani, zichomoe ili ilegee. Katani ni ngumu, na nailoni huteleza, fundo likafunguka kabla ya wakati.

Shika ncha zote mbili za kipande kimoja kwa mkono wa kushoto, zichomoze juu ya ngumi, kamba ining'inie. Kwa mkono wa kulia ipandishe katikati yake hadi kwenye ngumi. Sasa, vidole vya kushoto vikificha unachofanya, nasa kamba sentimita 15 chini ya ncha moja, ipitishe ndani ya kile kitanzi cha katikati, uivute juu. Kinachochomoza ni kitanzi bandia; katikati halisi imebaki ngumini. Mpe mtazamaji mkasi akate kitanzi hicho. Ziachie ncha mbili za kamba ndefu zianguke, na kila mtu ataapa kwamba anaona kamba mbili. Kile kipande kifupi kilichobaki ngumini kifunge fundo kuizunguka kamba ndefu, kisha likate fundo kidogo kidogo mpaka lidondoke lote. Inyooshe kamba, ni nzima.

Kila onyesho linakula sentimita 15, kwa hiyo baada ya mara tatu kamba hiyo iwe ya mazoezi tu. Mkasi butu ndio unaoharibu zaidi: hutafuna kamba, mtazamaji huvuta, na siri hutoka ngumini. Ujaribu asubuhi ya onyesho lenyewe.

Shida nyingine ni watu kukuzunguka, kama ilivyo kawaida ya mtaani. Egemea ukuta, watoto wakae chini mbele, wakubwa wasimame nyuma yao, pembeni pasiwe na mtu. Na useme mapema kabisa kuwa ni ufundi wa mikono. Ukijidai una nguvu fulani, kesho yake utaletewa mgonjwa, na mkuu wa shule ataifunga klabu. Atakuwa na haki.