Maswali na majibu: Mazoezi kwa mzee anayeangukaanguka

Mama yangu ana miaka 74, tunaishi Bugarika, Mwanza, na ameanguka mara mbili tangu mwaka jana. Tunamhimiza atembee kila asubuhi. Je, inatosha?

Haitoshi. Kutembea kunaufaa moyo na pumzi, lakini hakujathibitika kuwa peke yake kunapunguza kuanguka, na kumharakisha mama kwenye vijia vya mawe vya mlimani kunaweza kumwongezea hatari. Anachohitaji kwanza ni nguvu za mapaja na uwezo wa kuumudu mwili wake akiwa wima. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa takriban asilimia 23, na yale yanayounganisha nguvu na usawa wa mwili yalipunguza zaidi.

Aanzie nyumbani, mtu akiwa karibu naye. Akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kuketi polepole, akijitahidi kutosukuma kwa mikono; kisha ashike meza na kuinua visigino, atembee kwa ubavu kando ya meza hiyo, na asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Siku anapoona ni rahisi, ashike kwa mkono mmoja badala ya miwili, na baadaye kwa vidole tu, kwa sababu zoezi lisiloupa mwili kazi ya kujizuia usianguke haliufundishi chochote. Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa huruma, wakimwacha mzee kwenye hatua ya kwanza miezi mingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya aina hii siku tatu au zaidi kwa wiki.

Baba anasema magoti yanamuuma, hivyo bora apumzike. Tumwache? (Igogo)

Namwelewa mzee, lakini misuli isiyotumika hudhoofika, na hofu ya kuanguka humfanya asogee kidogo zaidi kila mwezi. Maumivu madogo yanayotulia baada ya mazoezi si sababu ya kuacha. Goti likivimba au maumivu yakizidi, apunguze na aonane na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Bakora ishikwe mkono upi?

Mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Mikono ikining'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono, na ncha yake iwe na mpira usioteleza.

Bibi yetu hupata kizunguzungu akiinuka. Aanze mazoezi? (Ukerewe)

Apimwe kwanza shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na dawa zote anazotumia zipelekwe kwa daktari; asiache dawa kwa uamuzi wake. Vivyo hivyo kwa aliyezimia au aliyegonga kichwa. Wakati mnasubiri, aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na aache kandambili zilizolegea.

Akishapata nafuu, anaweza kuacha?

Ninamsihi asiache, kwa kuwa nguvu zilizopatikana hupotea mazoezi yakikoma. Programu ya Otago, iliyobuniwa New Zealand kwa wazee wanaojifanyia mazoezi nyumbani, hupanga nusu saa ya nguvu na usawa wa mwili mara tatu kwa wiki pamoja na matembezi mara mbili. Ratiba hiyo inawezekana kabisa kwenye ua wa Igogo au Ukerewe, mradi pawe na kiti imara na mjukuu wa kumsimamia.