Dhana potofu, uzushi au kisasili?

Ndugu, umeuliza kama kosa linaloaminiwa na watu wengi laweza kuitwa "kisasili". Mimi nisingeliita hivyo, kwa sababu katika fasihi simulizi kisasili ni masimulizi yanayoeleza asili ya watu au mambo, na jamii huyaenzi bila kuyapima kwa mizani ya historia. Chukua mfano wa hapa kwetu Mombasa: wapo wasemao kwamba Vasco da Gama ndiye aliyejenga Ngome ya Yesu, ilhali yeye alifika hapa mwaka 1498 na kufariki mwaka 1524, na ujenzi wa ngome ukaanza mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Msemaji wa hayo hakukusudia kumdanganya mtu, kwa hiyo si mzushi. Uzushi una mwenyewe aliyeubuni. Wala si uvumi, maana uvumi ni habari inayosambaa kabla ya kuthibitishwa, na pengine huja kuwa kweli. Kosa kama hilo la ngome ni dhana potofu. "Imani potofu" ningeliachia mambo ya ushirikina, ingawa magazeti huyachanganya maneno haya mawili kila siku.