Uliza orodha, usingoje ikupe habari

Simu iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la mzigo likiwa limeshaanza kupakiwa pale Kibirizi, Kigoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta inasema gunia sitini na moja. Mimi nimehesabu kwa mkono mara mbili, napata arobaini na nane. Nimwamini nani?"

Nilimwambia auamini mkono wake, asilipe nauli ya gari kwa hesabu ya kompyuta mpaka nifike. Kutoka Mwanga hadi Kibirizi kwa bodaboda si mbali, lakini siku ile niliiona njia ndefu. Gunia kumi na tatu ambazo hazipo ni nauli ya mtu ambayo ingeondoka bure, na programu nilikuwa nimeiandika mimi.

Naandika haya kwa ajili ya kijana yeyote anayetengeneza programu ya dirisha kwa mfanyabiashara wa hapa kwetu, akaijaribu kwenye kompyuta yake, ikakubali, kisha akaipeleka kwenye kompyuta nyingine akidhani itafanya vilevile. Kwenye vitufe na visanduku vya maandishi mara nyingi utasalimika. Kwenye orodha yenye safu nyingi, jiandae.

Programu yenyewe ni ndogo. Mama huyu hukusanya dagaa wakavu kutoka kwa wakaushaji mbalimbali, halafu anawasafirisha. Kila mzigo unaopokelewa una mstari wake: jina la mkaushaji, tarehe, gunia, kilo, bei, na maelezo. Gari likija, karani anachagua mistari ya mizigo itakayopanda, na chini ya orodha jumla inabadilika kadiri anavyochagua. Niliiandika kwa lugha ya Python na wxPython, maktaba ya kutengeneza madirisha iliyojengwa juu ya wxWidgets, kwenye laptop yangu yenye Ubuntu, aina ya Linux. Karani anatumia kompyuta ya mezani yenye Windows. Mistari ilikuwa imeshafika maelfu, hivyo nilitumia orodha pepe, yaani ile isiyohifadhi maandishi yenyewe bali huiuliza programu yako kila inapotaka kuchora mstari.

Nilipofika sikugusa kitu. Nilimwomba karani arudie alichofanya, mimi nikatazama mikono yake tu. Akabofya mstari mmoja, akashika Shift, akabofya mwingine chini zaidi; kundi zima likachaguliwa. Akasema, "Hapo nilikosea kundi." Akabofya sehemu nyeupe chini ya mistari ili kufuta uchaguzi, akaanza upya. Kwenye orodha hakukuwa na mstari wowote wenye rangi, lakini jumla ilikuwa bado imeshikilia gunia za lile kundi la kwanza.

Mimi nilikuwa nimeandika hivi, kwa matukio, yaani taarifa ambazo programu hupewa kitu kikitokea: tukio la "mstari umechaguliwa" likija, ongeza gunia zake, tukio la "mstari umeachwa" likija, punguza. Nyumbani nilikuwa nikijaribu kwa kushika Ctrl na kubofya mmoja mmoja, nikiwaacha mmoja mmoja pia, na hesabu ilikaa sawa kila mara. Sikuwahi kubofya pale peupe.

Sasa sikiliza Windows inavyofanya kazi, maana hapa ndipo penyewe. Orodha ya kawaida ya Windows hutuma ujumbe kwa kila mstari unaobadilika. Orodha pepe haifanyi hivyo kila mara. Ukichagua kundi kwa Shift, inaweza kutuma ujumbe mmoja tu wenye mwanzo na mwisho wa kundi. Uchaguzi wote ukifutwa kwa mkupuo, Windows hutuma ujumbe mmoja ambao namba yake ya mstari ni -1, maana yake "mistari yote". Kwa Windows hilo lina mantiki: mwenye mistari laki moja hataki jumbe laki moja kwa kubofya mara moja. Lakini maktaba iliyo katikati, ambayo kazi yake ni kukupa tukio lenye namba ya mstari, inapewa namba isiyo ya mstari wowote. Programu yangu haikupata kitu cha kupunguza, jumla ikabaki ilivyo.

(Na wewe unayeandika Python, angalia sana hiyo -1 usije ukaipokea mahali fulani na kuitumia moja kwa moja. Katika Python, -1 ni kitu cha mwisho kwenye orodha. Haitatoa kosa. Itakupa mzigo wa mtu mwingine kimyakimya.)

Jioni yake nilikaa na laptop, nikafanya kama karani: Shift, kisha kubofya peupe, kisha Ctrl+A. Nikaona kwamba hata upande wa Linux idadi ya matukio na mpangilio wake havikuwa vile nilivyodhani. Nilikuwa nimejenga jumla ya biashara ya mtu juu ya ahadi ambayo hakuna mfumo uliowahi kuitoa.

Kwa nini mifumo itofautiane wakati maktaba ni moja? wxWidgets ilianzishwa na Julian Smart mwaka 1992 pale Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakati huo ikiitwa wxWindows. Jina lilibadilishwa mwaka 2004. Msimamo wake tangu mwanzo ni kutumia vitu vya mfumo wenyewe pale vinapopatikana, ili programu ya Windows ionekane ya Windows na ya Linux ionekane ya Linux. Kwa hiyo wxListCtrl, yaani orodha yenye safu niliyoitumia, kwenye Windows ni ile orodha ya Windows yenyewe, iliyovikwa vazi jembamba. Kwenye Linux, maktaba inaichora orodha hiyo kwa mkono wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni vitu viwili tofauti kabisa vilivyopewa jina moja, na kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Cha ajabu, wxDataViewCtrl, aina nyingine ya orodha katika maktaba hiyohiyo, ambayo watu wengi hushauri uhamie, imepindua mambo: kwenye Linux ya GTK (maktaba ya madirisha ya Linux) na kwenye macOS inatumia kitu cha mfumo, na kwenye Windows ndiko inakochorwa na maktaba. Kwa hiyo ukihama hutakuwa umekimbia tofauti, umebadilisha upande zinakotokea. Mimi sikuhama.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kibaya, na nakitaja kwa sababu najua nawe utakifikiria. Nilianza kupachika "kama ni Windows, fanya hivi" kila mahali. Siku ya pili nilikuwa na masharti sita katika faili tatu, na sikuweza tena kueleza programu inafanya nini. Nikayafuta yote.

Dawa iliyofanya kazi ni hii: acha kuhesabu kwa matukio. Tukio lichukulie kama mtu aliyegonga mlango na kusema "kuna kitu kimebadilika." Nani, wangapi, usimwulize yeye. Nenda kaiulize orodha yenyewe. Kwenye wxPython unaanza na GetFirstSelected, unaendelea na GetNextSelected mpaka irudishe -1, na hapo unajua kwa uhakika mistari iliyochaguliwa sasa hivi, kwenye mfumo wowote. Jumla unaipiga upya kutoka sifuri. Usiogope kwamba ni kazi kubwa. Kwa maelfu machache ya mistari karani hawezi hata kuhisi.

Kuna swali moja linabaki: kama kubofya peupe kunaweza kupita bila tukio la mstari wowote, utajuaje kwamba uende kuuliza? Mimi natumia EVT_IDLE. Tukio hilo huja pale dirisha linapomaliza foleni ya mambo yake, yaani baada ya kubofya, baada ya kitufe kuachiwa, na kadhalika. Halizunguki bure likila umeme. Kila likija, nalinganisha mistari iliyochaguliwa na ile niliyoikumbuka mara ya mwisho. Zikitofautiana, napiga jumla upya. Zikilingana, natoka. Faida yake ya pili ni kwamba Shift ya mistari mia mbili, hata mfumo ukileta matukio mia mbili, inaishia kwenye hesabu moja badala ya jumla kurukaruka mbele ya macho ya mtu.

Yote hayo niliyaweka katika klasi moja inayorithi wx.ListCtrl. Programu iliyobaki haijui kama Windows ipo. Inapokea tukio langu moja, "uchaguzi umebadilika", likiwa na namba za stakabadhi za mizigo iliyochaguliwa.

Nimesema namba za stakabadhi, sikusema namba za mistari, na hilo nalo lina kisa chake. Katika orodha pepe uchaguzi umefungwa kwenye nafasi, haukufungwa kwenye mzigo. Karani akichagua mstari wa tano kisha akabofya kichwa cha safu ili apange kwa tarehe, rangi inabaki kwenye mstari wa tano, ila sasa pale tano kuna mkaushaji mwingine. Akibonyeza "Futa", amemfuta asiyehusika. Kwa hiyo kabla ya kupanga, kusanya namba za stakabadhi za waliochaguliwa, panga, ondoa uchaguzi wote, kisha wachague tena kwa kutafuta kila stakabadhi imehamia wapi. Hii si tofauti ya mifumo, ipo kote, lakini ukiwa unarekebisha orodha usiiache.

Tofauti nyingine nilizokutana nazo nitazipitia haraka.

Safu ya kwanza kwenye orodha ya Windows hulazwa kushoto hata ukiomba kulia. Nilikuwa nimeweka kilo mwanzo, nazo zilipangika vizuri upande wa kulia kwenye Ubuntu, zikawa zimetawanyika Kibirizi. Kuna ujanja wa kuingiza safu bandia kisha kuifuta. Mimi nilihamisha jina la mkaushaji likawa la kwanza, tatizo likaisha bila ujanja wowote, na karani akasema hata kusoma kumekuwa rahisi.

Upana wa safu ya mwisho: ukitumia wx.LIST_AUTOSIZE_USEHEADER kwenye Windows, safu ya mwisho inanyooka mpaka kujaza nafasi iliyobaki. Usitegemee hivyo kwingine. wxPython ina ListCtrlAutoWidthMixin ya kufanya kazi hiyo, itumie.

Maandishi marefu: orodha ya Windows hukubali maandishi ya urefu wowote lakini huonyesha herufi 259 za kwanza tu. Karani wetu huandika maelezo marefu, nani amedai nini, nani ameahidi kuleta lini, na akawa anaamini programu inakata maneno yake. Nikaweka kisanduku cha maandishi chini ya orodha kinachoonyesha maelezo kamili ya mstari alioubofya.

Yapo mambo ambayo sikuyagusa kabisa. Rangi ya uchaguzi, urefu wa mstari, umbo la vichwa vya safu: haya mfumo wa mtu una haki ya kuyaamua. Mtu aliyezoea Windows miaka kumi akikuta orodha yenye sura ya Ubuntu atasita kila anapobofya. Kipimo changu ni kimoja. Kama tofauti inabadilisha namba, au inabadilisha ni mzigo wa nani unaofutwa, nairekebisha siku hiyohiyo. Kama inabadilisha sura tu, naiacha, hata ikinikera mimi.

Kupima nako kuna wakati wake. Usimwombe karani akusaidie kupima usiku wa giza ukiwa umeshamiri. Dagaa huvuliwa kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye samaki. Siku hizo Kibirizi hakuna mwenye muda na wewe. Mimi nilisubiri mbalamwezi. Mizigo ilipopungua tulikaa naye mchana mzima kwenye kompyuta yake, mimi nikiwa na daftari, nikiandika kila anachofanya na kila orodha inachojibu, kisha usiku narudia vilevile kwenye Ubuntu. Kurasa nne za daftari lile zilinisaidia kuliko wiki mbili za kukisia. Msimamie anayeitumia, mikono yake inajua njia ambazo yako haijawahi kupita.

Na kabla hujasema maktaba ina kosa, jaribu kwanza mfano wao wenyewe. wxPython ina programu ya maonyesho yenye orodha pepe ndani yake. WxWidgets ina mfano uitwao listctrl. Endesha mfano huo kwenye mifumo yote miwili, fanya kilekile. Tofauti ikionekana na huko, basi si ya programu yako, na inafaa kuwaandikia waitunzao. Tengeneza programu fupi, mistari thelathini inatosha, isiyo na dagaa wala bei ndani yake, inayoonyesha jambo hilo moja tu. Eleza ulichobofya kwa mpangilio, ulichotegemea, na ulichokiona kila upande. Kisha chapisha wx.version() kwenye kompyuta zote mbili na unakili mstari wote bila kuufupisha, kwa sababu ndani yake mna toleo la wxPython, toleo la wxWidgets, na neno msw (Windows) au gtk3 (Linux) linalowaambia ni orodha ipi kati ya zile mbili unayoizungumzia.