Msitu wa babu na dola za bioanuwai

SWALI: Mama, jambo kwako na kwa watu wa Bukavu. Sisi ni ukoo wa huku Mwenga, na tuna msitu wa babu zetu upande wa Itombwe. Kuna bwana alikuja na mkataba wa krediti za bioanuwai: eti tutalipwa kwa ajili ya sokwe na miti, bila kukata hata mti mmoja. Anataka saini zetu kwa miaka 40, kabla mwezi haujaisha. Wazee wamegawanyika. Nimekutumia picha za mkataba. Tusaini?
Baba wa watoto sita, Mwenga

JIBU: Baba, msisaini mwezi huu. Biashara hiyo ipo kweli, lakini haraka ya huyo bwana siipendi.

Krediti ni cheti kinachothibitisha kwamba eneo fulani limetunzwa kwa muda fulani na kwamba bioanuwai yake, yaani aina za wanyama na mimea iliyomo, imepimwa. Huko Kolombia, kampuni ya Terrasos imeuza krediti za msitu wa El Globo: kila moja ni mita 10 za mraba kwa miaka 30, bei dola 25. Tafadhali usianze kuzidisha hekta zenu kwa bei hiyo! Soko hili bado changa, wanunuzi ni wachache, na anayenunua hununua kwa hiari yake. Uingereza wajenzi wamelazimishwa kisheria kufidia mazingira wanayoyaharibu tangu Februari 2024, lakini ni kwa ajili ya mazingira ya kwao, si ya Itombwe.

Sasa swali ambalo huyo bwana hakuwauliza: karatasi ya msitu mnayo? Kwa Kanuni ya Misitu ya Kongo ya 2002, msitu ni mali ya Leta, yaani serikali, hata kama makaburi ya babu zenu yamo humo. Ila dekreti ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba konsesheni, yaani haki rasmi ya kusimamia na kutumia msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka. Gavana ndiye anayeitoa. Ombeni kama jamii nzima, mkiitisha kikao na majirani mnaopakana nao. Mkiuza krediti kabla ya hapo, mnauza kitu ambacho hamna haki nacho mkononi.

Nimesoma kifungu cha 7 cha mkataba mara mbili. Kinawapa nusu ya «mapato halisi». Tuseme krediti imeuzwa dola 20, naye akaandika gharama dola 16: mtagawana dola 4, ninyi mpate 2, na daftari la gharama analishika yeye. Dai fungu la bei ya mauzo, na haki ya kuona kila hati ya mauzo. Mpango wa Plan Vivo, unaothibitisha miradi ya aina hii, unataka angalau asilimia 60 ya mapato iende kwa jamii. Mwulizeni kwa nini yeye ametua kwenye 50.

Na wale vijana watakaofunga kamera na kuhesabu viota vya sokwe walipwe mshahara wa kazi hiyo, krediti ziuzwe zisiuzwe. Kifungu cha 9 kinawaita «wafadhiliwa». Nilicheka, halafu nikakasirika. Kifutwe.

Picha ya ukurasa wa tano haikufika. Namna ya kuvunja mkataba kwa kawaida huandikwa mwishoni, kwa hiyo nitumie kabla ya kikao cha wazee.