Raspberry Pi ya kupigia muziki nyumbani: mi kilichonitesa ni umeme, sio mashine

Kuna vijana watatu hapa mtaani kwetu Sakina, Arusha, wameniomba niwaelekeze jinsi ya kufunga Raspberry Pi ipige muziki mzuri nyumbani, na wote watatu wamekuja na swali moja, "bro ninunue DAC gani?", yani kile kidude cha kutoa sauti. Sa hilo ndo swali nililoanza nalo na mimi, nikazunguka nalo karibu mwaka mzima nanunua vidude, kumbe shida iko ukutani kwenye soketi. Kwa hiyo nyie mnaoanza tulieni kwanza na hela zenu mfukoni.

Hii mashine kwa asiyeijua ni kompyuta kamili, ila bodi yake inalingana na kadi ya benki. Inatumia memori kadi kama ya simu, unaiwekea programu ya muziki, nyimbo zinakaa kwenye flash au hadi diski (hard disk), we uko kwenye kochi unachagua wimbo kwa simu kupitia waifai. Mi natumia Pi 4, ile iliyotoka 2019, lakini hata ya 3 inatosha kabisa maana kupiga muziki kwake ni kazi ndogo sana. Mtu akikwambia uchukue ya 5 yenye RAM kubwa (memori ya ndani ya kufanyia kazi) eti kwa ajili ya nyimbo, ujue huyo ana mzigo anataka uishe.

DAC tuimalize haraka. Ni kidude kinachogeuza namba za faili kuwa sauti. Pi 4 ina tundu la hedifoni lakini achana nalo, sauti ya pale ni ya kubahatisha, wimbo ukifika sehemu tulivu unasikia shhhh kwa chini, na kwenye Pi 5 wamelitoa kabisa. Utachagua DAC ya kuchomeka USB au ile ya kukalia pini 40 zilizo juu ya bodi. Vile vibodi vyenye chipu ya PCM5102A ni vya bei ndogo na vinapiga vizuri mno, unafungua faili la config.txt unaongeza mstari huu

dtoverlay=hifiberry-dac

unazima unawasha, unaandika amri ya aplay -l, ukiiona DAC yako kwenye orodha basi umemaliza. Ndo hivyo tu, habari ya DAC imeishia hapo.

Tuje kwenye umeme sasa. Siku ya kwanza nilichomeka chaja ya simu, si tundu ni lile lile la Type-C bwana. Ikawaka, ikapiga, nikajiona nimeua. Nyimbo mbili tatu mbele sauti inakata, tak, inarudi, inatulia, tak tena. Nikalaumu DAC, nikanunua nyingine. Tak. Nikafomati kadi nikaanza upya usiku kucha, tak. Nikafikiri labda ni nyimbo zenyewe. Mpaka siku nilipoandika hii amri

vcgencmd get_throttled

ikanijibu 0x50005, wakati inatakiwa ijibu 0x0. Yani ilikuwa inanilalamikia muda wote kwamba umeme unaoingia ni mdogo na imebidi ijipunguze kasi, sema mi sikuwahi kuiuliza. Pi 4 ikipata chini ya volti 4.63 inaanza kulia, na chaja yake yenyewe imeandikwa volti 5.1 ampia 3. Zile chaja za kuchaji haraka ndo zinatudanganya, ile nguvu kubwa inatoka pale tu chaja na simu zikishaelewana zipande mpaka volti 9 huko, sasa Pi haiijui lugha hiyo, inaachiwa volti 5 na ampia labda 2, halafu waya wenyewe mwembamba mrefu kwa hiyo na njiani unapotea mwingine. Nikaweka chaja inayotakiwa na waya mfupi mnene, tak ikaisha siku ile ile. DAC zote mbili kumbe zilikuwa nzima, moja nikampa mdogo wangu yuko Moshi.

Memori kadi nayo ni umeme huo huo. Sihitaji kuwaeleza habari ya kukatika ghafla, wote tunaishi huku. Ukikata wakati mashine inaandika kitu kwenye kadi, mafaili yanavurugika, ukirudi haiwaki tena au inawaka nusu. Nimeshapoteza kadi nne kwa staili hiyo, na ya nne ilikufa Jumamosi ambayo nilikuwa nimewaita washkaji waje wasikie huo muziki ninaowapigia kelele kila siku, tukaishia kusikiliza kwa simu. Ndo nikahamia programu ya muziki inayoitwa piCorePlayer. Hii ikiwaka inajipakia yote kwenye RAM na inafanya kazi humo humo, kadi haiguswi, we kata umeme unavyotaka ukirudi inaamka kama kawaida. Ina usumbufu mmoja, ukibadilisha seting lazima ubonyeze kuhifadhi la sivyo ukizima zinapotea, na kuielewa mwanzoni kunataka moyo. Programu nyingine, Volumio na moOde, ni rahisi zaidi na zina sura nzuri kwenye simu, nazo ni bure kuanzia, ukizipenda zichukue tu ila uwe mtu wa kuzima kwa utaratibu na uweke kadi ya akiba yenye kila kitu ndani. Nyimbo usiziweke kwenye kadi hiyo hiyo ya mfumo hata siku moja.

Halafu kuna mngurumo. Huu nao ulinisumbua kweli. Kila nikiwasha spika zinatoa mmmmm wa chini chini, hata wimbo usipopigwa upo tu, mchana huusikii kwa sababu ya bodaboda na watoto, ila usiku mtaa ukilala unakukera mpaka unazima. Fundi mmoja akaniambia nibadilishe amplifaya. Nikasema ngoja kwanza. Usiku mmoja nikakaa chini nyuma ya kabati la TV na tochi ya simu mdomoni nikawa natoa waya mmoja mmoja, amplifaya nimeiacha inawaka. Nikatoa waya wa mtandao, upo. Nikatoa hadi diski, upo. Nikatoa HDMI inayoenda kwenye TV, kimyaaa. Nikairudisha, mmmmm. Nikaitoa, kimya. Nilicheka peke yangu pale chini. Kisa chake ni kwamba TV imeunganishwa na king'amuzi, king'amuzi kina waya unaopanda kwenye dishi juu ya bati, dishi limegusana na chuma na ardhi, na amplifaya yangu nayo ina waya wake wa athi kwenye plagi, kwa hiyo vitu vyote vimeshikana na ule umeme mdogo unaozunguka kwenye athi ukapata njia ya kupita kwenye waya wa sauti. Na HDMI yenyewe nilikuwa nimeiacha bure tu toka siku ya kufunga, kioo sikihitaji kwa lolote. Kwa hiyo ukisikia mngurumo chomoa kimoja kimoja kabla hujamlipa mtu, na tafadhali usije ukakata pini ya athi kwenye plagi eti ndo dawa, wapo wanaofanya hivyo na ni hatari, chuma cha amplifaya kinaweza kukupiga shoti.

Amplifaya. Hapa niliumia hela halisi. Kabla ya hii niliyonayo sasa nilitaka kuachana na sabufa nipate amplifaya ya maana, nikapata moja used safi kabisa, nzito, vitufe vya chuma, nikaibeba mpaka nyumbani nikaichomeka. Taa ikawaka nikasikia vuuu, ikaja harufu ya kitu kimeungua, kimya. Nikaipeleka kwa fundi karibu na soko la Kilombero, hata bisibisi hakushika, akaigeuza nyuma akanionyesha kwa kidole maandishi madogo, AC 100V. "Kaka, hii ya Japani. Yenyewe ilitaka mia, umeipa mia mbili thelathini." Transfoma ilikuwa imeshakufa. Mashine za kule ni nzuri na siwakatazi, lakini geuza nyuma usome, ukikuta mia moja nunua na transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi ule ulioandikwa kwenye mashine, kama huna hela ya vyote viwili baki na sabufa yako, sabufa nzuri iliyolishwa kwa waya wa RCA kutoka kwenye DAC inaweza kukushangaza.

Kuhusu nyimbo zenyewe sina mengi. Ukiwa na CD, zihamishe kwenda FLAC, aina ya faili la muziki ambayo haipotezi chochote na nafasi inakula pungufu ya faili la CD lenyewe. Zile nyimbo mia tano za kujaziwa kwenye flash kibandani nyingi ni MP3 zilizobanwa mno, kuzigeuza ziwe FLAC ni sawa na kuhamisha chai nyepesi kwenda kwenye kikombe kikubwa. Ila usije ukatupa dansi la zamani kwa sababu hiyo, rekodi za Radio Tanzania za miaka ya 70 hata zikiwa na mchakacho wake zina magita ambayo kwenye spika nzuri unamsikia kila mpigaji peke yake.

La mwisho, kwenye seting za sauti za Volumio kuna sehemu ya miksa, wengi watakwambia uweke None ili programu isiguse sauti kabisa. Ni kweli na mi niliweka hivyo kabla sijahamia piCorePlayer, ila ujue ukishaweka volyumu ya kwenye simu inakufa na sauti inatoka yote, asilimia mia. Shusha amplifaya mpaka chini ndo ubonyeze. Mi sikushusha, ilikuwa saa tano usiku, na mama mwenye nyumba alivyogonga mlango hakuuliza kama ni FLAC.