Kabla hujanunua sensa nyingine, ishike koili

Nilibadilisha sensa tatu kabla sijapata akili. Nilikuwa natafuta ufa uliojificha chini ya bati la alumini la milimita 4 kwa mikondo ya edi: koili huzungusha mikondo ya umeme ndani ya bati, na sensa husoma uga wa sumaku unaovurugika penye ufa. Namba zilitambaa polepole hata probu, yaani koili na sensa pamoja, ikiwa imetulia mezani. Nikailaumu sensa. Siku moja kidole kikagusa koili kwa bahati: ya moto, karibu niruke.

Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili yangu ililishwa volti zisizobadilika, kwa hiyo mkondo ukawa unapungua na fezi (wakati wimbi linapopanda na kushuka) inahama, nami nachukua rejea, yaani wimbi la kulinganishia, kwenye jenereta ya mawimbi, ambayo haijui lolote kuhusu joto hilo. Unganisha risista ya omu 1 hivi mfululizo na koili, uchukue rejea hapo. Kisha lisha koili mkondo usiobadilika. Sensa yangu ya kwanza nikaitoa kwenye droo, na ikafanya kazi.

Watu hupenda sensa za GMR, ambazo ukinzani wake hubadilika kufuata uga wa sumaku, kwa sababu nzuri. Koili ya kupokea hupima kasi ya uga kubadilika, hivyo masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) yakishuka inanyamaza. GMR hupima uga wenyewe. Na kushusha masafa ni lazima ili kuufikia ufa wa chini: ndani ya alumini tupu mikondo ya edi hufifia hadi asilimia 37 kwenye milimita 0.8 ukitumia hertzi 10,000, lakini ukitumia hertzi 100 hufika kama milimita 8.

Sasa ilaze sensa katikati ya koili, mhimili wake ukiwa sambamba na bati. Uga wa koili una nguvu mno kuliko wa ufa. Ukiingia kwenye sensa, amplifaya inajaa mapema. Mimi huisogeza kwa kibano, unywele kwa unywele, probu ikiwa juu ya bati lisilo na ufa, macho kwenye oskiloskopu, mpaka wimbi linywee.

Jambo lililonitia aibu: GMR nyingi hazitofautishi uga unaokwenda na unaorudi. Usipoweka kisumaku kidogo pembeni, wimbi linatoka na masafa maradufu, na wewe unalisubiri penye masafa ya koili, hulioni.

Masafa yenyewe yasiwe 100 wala 150 kama umeme wa ukutani ni wa hertzi 50, maana kelele zake huangukia kwenye vizidishio vya 50. Mimi hutumia 130, na amplifaya ya kwanza naipa betri.